Vitumbua 60 vilivyonilia faida

Mhariri,

Napika vitumbua hapa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa tisa. Kikundi chetu cha akina mama kinajiandaa kuomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na kwenye semina tulifundishwa hivi: shusha bei, wateja wataongezeka, mauzo yatapanda.

Nikatii. Nilikuwa nauza vitumbua 120 kwa siku, shilingi 200 kimoja, napata 24,000. Nikashusha hadi 150. Haikupita siku ya tatu, nikawa namaliza 180, mkononi 27,000. Nilifurahi sana. Saa 9 usiku niko jikoni nageuza vitumbua kwa kijiti, macho yanawasha kwa moshi, lakini nasema moyoni, hela inaingia. Ijumaa nikaenda kununua mchele wa wiki, hela ikapelea.

Usiku ule nikakaa na daftari. Vile 60 vilivyozidi vilikula mchele kilo moja na nusu, 3,600. Nazi mbili, 2,000. Sukari, hamira, iliki, mafuta na mkaa, 1,600. Jumla 7,200. Navyo vimeniongezea nini? 27,000 toa 24,000, ni 3,000 tu. Gawa kwa 60: kila kimoja kimeniingizia shilingi 50, na kukipika ni 120!

Lakini si nilikiuza 150? Ndiyo, ila wateja wa vile 120 vya mwanzo, waliokuwa wakitoa 200 bila kunung'unika, nao niliwapunguzia hamsini hamsini. Hapo 6,000 imeondoka. Vipya vimeleta 9,000. Hiyo 3,000 inayobaki ndiyo mapato ya nyongeza, na semina nzima hakuna aliyeyataja. Kwa gharama hiyo ya 120 kila kimoja, faida yangu ya siku ilishuka kutoka 9,600 hadi 5,400, huku mauzo yanapanda kweli kama tulivyoahidiwa.

Nimerudisha 200. Wawili watatu wamenuna, wengi wamerudi. Nina mwenye mgahawa wa chai upande wa stendi, namuuzia 40 kwa 150. Wateja wake si wangu, bei ya kijiweni haiguswi, kwa hiyo kila kimoja kinaniingizia 150 kamili, na 30 inabaki.

Ombi langu kwa wanaotufundisha: daftari mnalotupa lina safu ya mauzo peke yake. Ongezeni mbili. Moja ya pesa iliyoongezeka tangu mtu abadilishe bei, nyingine ya gharama ya kile alichoongeza kupika au kununua. Tunajua kutoa na kugawanya, tukionyeshwa pa kuandika. Mwenzetu wa juisi ya ukwaju ameshusha bei tangu Jumatatu na anafurahi kama nilivyofurahi mimi. Jana nimempelekea daftari langu.

Muuza vitumbua,
Ngamiani, Tanga