Mheshimiwa Waziri wa Afya, huku kwetu hata nguruwe anaanguka kifafa

Mheshimiwa Waziri, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mbozi, mimi ni mfugaji tu, nina nguruwe saba na mdogo wangu mmoja mwenye kifafa, na naomba usicheke, hao nimewataja pamoja makusudi kabisa.

Mdogo wangu anameza fenobabitoni, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912. Sio mbaya na bei yake tunaimudu, ila inamlaza, yani utamkuta shambani kashika jembe anasinzia, alafu ikikata zahanati ndo balaa, mwaka jana alidondokea jikoni ana kovu la moto toka kiwiko mpaka kiganja, na waliokuwepo wakakimbia eti mapovu yanaambukiza.

Basi nikaanza kusoma hizi dawa zinapatikanaje. Miaka ya 1930 huko Boston Marekani, madaktari Merritt na Putnam walikuwa wanawapiga paka shoti ya umeme kichwani, dawa ikizuia degedege inaenda kujaribiwa kwa mtu, ndo fenitoini ikaja 1938. Baadae wakahamia kwa panya, shoti ileile au kemikali ya kuleta degedege. Sasa huyo panya ni mzima jamani, hana kifafa, kapigwa shoti leo tu! Levetirasetamu, dawa nyingine ya kifafa, ilifeli mitihani yote miwili, wangeishia hapo ingetupwa, ikaja kuonekana kwa panya waliochokonolewa ubongo kidogokidogo siku nyingi mpaka kifafa kikawa chao kweli. Marekani wakaipitisha 1999. Na mpaka leo karibu mgonjwa 1 kati ya 3 dawa hazimtulizi.

Turudi nyumbani. Kifafa cha huku kingi kinaletwa na tegu, mtu anameza mayai yaliyotoka kwenye kinyesi cha mtu mwingine, kiluwiluwi kinaenda kukaa kwenye ubongo. Nguruwe naye hivyohivyo. Mwaka 2016 watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine pale Morogoro, na wenzao walitoa taarifa ya nguruwe waliojipatia tegu wenyewe, bila kudungwa chochote, wakaonekana wanapata degedege. Ni wachache wanaofika huko, kweli, ila mimi nimemwona wa kwangu, anatafuna hewa, mate yanamtoka, masikio yamekakamaa, alafu mwili mzima, yani nilimwona mdogo wangu palepale bandani.

Ombi langu ni hili, tenga hela dawa za kifafa zipimwe kwa nguruwe mwenye tegu, tena zipimwe pamoja na dawa ya kuua hao tegu, maana fenobabitoni inashusha nguvu ya prazikwanteli, moja ya hizo dawa za tegu, mwilini, sasa mtu wetu akipewa zote mbili inakuwaje? Panya wa shoti hawezi kukujibu hilo. Najua nguruwe ni wa wizara ya mifugo, tafadhali msianze kurushiana faili. Na wasiteswe, nimewafuga mimi, wapewe ganzi panapohitajika.

Nina mmoja nimemtenga, nimemkagua ulimi una vipunje vyeupe, dalili ya tegu, nampa pumba na simuuzi kwa mtu wa kitimoto hata akiniongezea bei. Mtafiti akija ashukie stendi ya Vwawa, nitamfuata na bodaboda.