Maziwa Yalipungua Lini?

Reading, Uingereza
Jumapili jioni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nifikishie shikamoo kwa Baba na kwa Bibi, na wadogo zangu wote nawasalimu. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua kimeachia, na baridi ya huku naiweza, maana aliyezaliwa Tukuyu hatishwi na ukungu. Hela ya mbolea nilimtumia kaka Ijumaa. Akuletee na risiti.

Juzi kwenye simu uliniuliza nikitoka zamu usiku naangalia nini badala ya kulala. Nikakujibu, "Filamu tu, Mama." Jibu hilo limenisumbua wiki nzima, kwa sababu kile ninachokiangalia kinakuhusu wewe kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, na simu ilikuwa inakatikakatika.

Kinaitwa Rosemary & Thyme. Ni tamthilia ya Waingereza, ilianza kuonyeshwa mwaka 2003 kwenye kituo cha ITV, misimu mitatu, vipindi 22 kwa jumla. Wahusika wakuu ni wanawake wawili watu wazima. Mmoja, Rosemary Boxer, ni msomi wa magonjwa ya mimea aliyekuwa anafundisha chuo kikuu akapoteza kazi. Mwenzake, Laura Thyme, alikuwa polisi, na mumewe amemwacha akamfuata msichana. Rozimari na thyme ni majani ya kutia harufu kwenye chakula, kwa hiyo majina yao wakiyaweka pamoja ni kama kwetu mtu aitwe Mchaichai na shoga yake aitwe Binzari. Hata muziki wa kufungulia ni gitaa linalopiga wimbo wa kale wa Kiingereza unaoyataja majani hayo. Wanafanya kazi ya kuitwa kufufua bustani za watu, na kila wanapokwenda, anakufa mtu. Wanaanza na jembe, wanaishia na upelelezi.

Nilikijua kupitia bibi mmoja ninayemhudumia kazini, kwenye nyumba ya wazee. Miguu yake haina nguvu tena na bustani yake iliuzwa pamoja na nyumba. Mchana vipindi vya zamani vinarudiwa kwenye runinga ya sebuleni, naye husogezwa karibu. Mara ya kwanza nilisimama tu nyuma ya kiti chake nikimsubiri amalize chai. Alikuwa haangalii muuaji ni nani. Alikuwa anawasemesha wale wanawake kuhusu waridi: hilo limepogolewa vibaya, lile limepandwa kivulini. Nikajikuta nimekaa chini. Mama, nilikuwa nakusikia wewe ukipita kwenye shamba la mtu tukitoka kanisani.

Kaka anasema ni uongo mtupu, haiwezekani watunza bustani wawili wakutane na maiti kila wanakokwenda. Kweli, katika maisha ya kawaida hakuna ambaye angewaita tena baada ya bustani ya tatu. Lakini Bibi akisema "Paukwa," nasi tukaitika "Pakawa," nani kati yetu aliwahi kumuuliza sungura kajifunza wapi kusema? Tuliyakubali hayo kwanza, ndipo utamu ukaja. Hapa ni vilevile. Unakubali kwamba mtu atakufa mapema, kwamba damu hutaonyeshwa nyingi, kwamba mwenye hatia atajulikana kabla ya saa kuisha. Ukishakubali, moyo unatulia, na jicho linakuwa huru kutazama mambo mengine: majani, udongo, mvua, vikombe vya chai, mabishano ya marafiki wawili wanaopendana. Nikitoka zamu ambayo mzee mmoja amefariki mikononi mwetu, na huku kifo cha mzee mara nyingi hakina kilio wala matanga ya siku tatu, nahitaji hadithi ambayo kifo kinaulizwa maswali mpaka kijibu.

Sasa nifike kwenye lile linalokuhusu.

Unakumbuka mbuzi wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto? Nilikuwa darasa la sita. Walikufa wawili kwa siku mbili, na wa tatu akawa amevimba shingo, anahema kwa shida. Watu walijaa pale uani, na kabla ya saa nne asubuhi jina lilikuwa limeshapatikana: yule mjane aliyeishi peke yake, aliyekuwa amegombana nao kuhusu mpaka. Wengine walisema sumu, wengine walisema zaidi ya sumu. Yule mama alikuwa amesimama kwenye mlango wake, ameshikilia kanga kifuani, hasemi kitu. Vijana wawili walikuwa wameshaanza kuokota mawe. Nilikuwa nimekushika mkono, niliyaona.

Wewe hukuuliza nani anamchukia nani. Uliuliza, "Maziwa yalipungua lini?"

Watu walinyamaza, swali lilikuwa halifanani na mahali. Mwenye mbuzi akasema yalianza kukauka juzi. Ukauliza juzi mbuzi walifungwa wapi. Akaonyesha kule juu, nyuma ya nyumba. Ukapanda, nasi nyuma yako, mpaka kwenye lundo la matawi ya ule mparachichi mkubwa waliokuwa wameukata kwa sababu ulikuwa umeinamia paa. Matawi yalikuwa meupe. Majani karibu yote hayakuwepo tena, na magome yalikuwa yametafunwa. Ukaokota jani moja lililobaki, ukalifikicha, ukamnusisha mwenye mbuzi. Basi. Ukasema yule wa tatu ahamishiwe kivulini, asiswagwe wala kukimbizwa. Alipona, na mwaka uliofuata alizaa.

Nilikuja kusoma hukuhuku kwamba ile sumu ina jina. Inaitwa persini. Imo kwenye majani ya mparachichi, na mnyama akiyala hushambulia tezi za maziwa na msuli wa moyo. Anayenyonyesha hukauka maziwa kwanza. Akila mengi, moyo unashindwa kusukuma, maji yanajaa shingoni na kifuani. Mama, swali lako la maziwa lilikuwa ndilo swali lenyewe. Daktari wa mifugo angeanzia hapohapo. Na siku hizi Rungwe na Njombe zimejaa miparachichi kila kilima; sijui ni wangapi kati ya hao wapanda parachichi za Hass wanaojua wasitupe matawi ya kupogoa mbele ya mbuzi. Waambie kwenye kikundi chenu.

Hicho ndicho kinachonifanya nirudie vile vipindi. Polisi wanahangaika na ugomvi, urithi na wivu, wakati wale wanawake wawili wamepiga magoti wanashangaa kwa nini mmea fulani umenyauka upande mmoja. Hakuna anayewajali. Wana matope kwenye viatu, ujana umepita, wameshikilia koleo, na matajiri wanaendelea na mazungumzo yao mbele yao kana kwamba ni ua tu limesimama pale. Ndiyo maana wanasikia kila kitu. Mbinu yenyewe si ngeni: Agatha Christie, mwandishi wa hadithi za upelelezi aliyefanya kazi kwenye chumba cha dawa hospitalini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia na akajifunza sumu humo, alishamtumia bibi kizee mmoja, Miss Marple, katika riwaya ya mwaka 1930. Bibi huyo hupalilia maua yake huku akiona nani anapita na saa ngapi.

Bustani za hapa zenyewe zina siri. Kuna ua moja refu, lenye vikombe vya zambarau vinavyoning'inia upande mmoja, limejaa kando ya njia ninayopita kwenda kazini. Vitabuni linaitwa dijitalisi. Mwaka 1785 daktari mmoja Mwingereza, William Withering, aliandika jinsi majani yake yanavyowasaidia wagonjwa waliovimba mwili. Mpaka leo kuna dawa ya moyo, digoksini, inayotokana na mmea wa jamii hiyohiyo. Ukizidisha kidogo tu, inaweza kuua. Nikiliona nakumbuka pareto ya kule Mafinga, ua jeupe la kupendeza kabisa ambalo mdudu akiligusa vumbi lake hana safari tena.

Na kwetu mafumbo ya namna hii ni mengi kuliko huku, sema hayajaandikiwa tamthilia. Chukua Kitulo, Bustani ya Mungu. Kabla haijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005, watu walikuwa wanachimba viazi vya okidi kule juu, vinasafirishwa hadi Zambia kupikwa chakula kiitwacho chikanda, na ua linatoweka mahali lilipokuwa. Ukitaka kujua nani kapita, angalia shimo dogo kwenye nyasi. Au yule nyani wa msitu wa Mlima Rungwe, kipunji. Wawindaji wa vijijini walikuwa wakimtaja miaka yote, na wengi waliona ni hadithi tu. Watafiti walipoamua kufuata maneno yale, wakamwona mwaka 2003, na mwaka 2005 dunia ikatangaziwa nyani mpya. Mwaka uleule tamthilia yangu ilipoanza hapa, kule kwetu wazee walikuwa wameshalijua jibu; ilibaki kuulizwa tu. Nikifikiria hilo nakasirika kidogo, halafu nafurahi.

Kwa hiyo nina ombi. Mdogo wangu wa mwisho ana simu nzuri. Mkitoka kwenda shambani atembee na wewe akurekodi ukitaja kila mmea, jina lake la Kinyakyusa, unatibu nini na unadhuru nini. Asikuharakishe. Hata yale uliyoambiwa na Bibi na huna uhakika nayo, sema. Nitayasikiliza usiku, na yule bibi wa huku nitamtafsiria. Ameshaniuliza mara mbili kama kwenu mnapanda waridi.

Mwisho, migomba ya bondeni. Ulisema inageuka manjano, na Baba anasema ni jua. Nimelifikiria sana, na kabla sijakubaliana naye nina maswali. Manjano yalianzia majani ya chini, ya zamani, au yale machanga ya juu? Pembeni mwa jani au katikati? Shina limepasuka karibu na ardhi? Ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukiikata, ndani imebadilika rangi? Kata mgomba mmoja ulioathirika, uangalie ndani ya shina. Ukiona nyuzi za kahawia au nyekundu zinapanda juu, ni ugonjwa mmoja. Ukiona usaha wa manjano unachuruzika, ni ugonjwa mwingine kabisa. Panga ulilolitumia liunguzwe kwenye moto kabla halijagusa mgomba mwingine, na tafadhali chipukizi lisitoke shamba lile kwenda kwa mtu yeyote mpaka bwana shamba afike. Ikibidi, kaka apeleke picha Uyole, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo.

Na yule jirani aliyekupa machipukizi mwaka juzi, migomba yake ikoje?

Mwanao, kifungua mimba wako