Kabla Mwembe Haujakatwa: Kwa Nini Nyumba Mpya Huwa na Joto

Katika ofisi yetu ndogo ya kuchora ramani na kujenga nyumba hapa Dar es Salaam, malalamiko tunayoyapokea kuliko mengine yote hayahusu nyufa wala bati linalovuja, bali joto. Mwaka jana mteja mmoja alituita Kigamboni tukaitazame nyumba aliyokuwa amehamia miezi michache tu kabla. Ilikuwa saa tisa alasiri, madirisha yote yakiwa wazi na feni ikizunguka, na fundi wetu alipopanda ngazi na kuigusa dari ya jipsamu kwa kiganja aliikuta ina joto kama kikombe cha chai. Uani kulikuwa na kisiki cha mwembe, ambao ulikatwa ili lori la mchanga lipate pa kupita.

Chanzo cha joto lile kilikuwa juu ya dari. Bati linapopigwa na jua, hewa iliyo chini yake hupata moto, na isipokuwa na pa kutokea hukaa hapo mchana kutwa ikishusha joto chumbani hadi usiku, huku feni ikizungusha joto hilohilo. Kiyoyozi husaidia, lakini mwenye nyumba hulipia umeme kila mwezi kwa kosa lililofanyika siku moja kwenye ramani.

Mfano tunaopenda kuwaonyesha wateja wetu ni shule ya msingi ya kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Aliyeichora ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, ambaye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu majengo mjini Berlin, na ambaye mwaka 2022 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, tuzo yenye heshima kubwa duniani katika usanifu majengo. Kuta za shule hiyo ni za matofali ya udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji kidogo. Dari nayo ni ya matofali, yaliyopangwa kwa kuachiwa nafasi ili hewa ipite, na bati halikulazwa juu ya dari hiyo, bali limeinuliwa juu yake kwa kenchi za nondo. Hewa yenye joto hupanda na kutokea katika uwazi huo, na inapotoka huvuta hewa ya nje iingie kupitia madirishani. Bati limetokeza mbali nje ya kuta, kwa hiyo mvua haiupigi udongo na jua halizichomi kuta.

Kenchi hizo zilichomelewa papo hapo kijijini, na zilikuwa nyepesi kiasi cha watu kuziinua bila winchi. Wanakijiji ndio waliofyatua matofali na kushindilia sakafu, na kwa kuwa waliijenga kwa mikono yao, ujuzi wa kuitunza na kuipanua ulibaki hapohapo. Kwetu sisi hilo lina uzito sawa na dari yenyewe, na ndiyo maana tunapopata kazi nje ya jiji tunaomba kuajiri vijana wa mtaa na kuwafundisha kufyatua matofali, hata kama siku za kazi zitaongezeka kidogo.

Wapo wateja wanaosikia neno udongo wakadhani tunawarudisha kwenye nyumba ya matope. Wasiwasi huo tunauelewa, na tunakiri kwamba si kila udongo unafaa. Huwa tunajaza chupa ya kioo udongo wa kiwanja pamoja na maji, tukaitikisa, kisha tukaiacha itulie: mchanga hushuka chini na mfinyanzi hukaa juu, na uwiano wake hutupa dalili ya kwanza. Kiwanja chenye mchanga mtupu wa pwani hatukitilii matofali ya udongo. Huko tunatumia matofali ya kawaida, na nguvu zote tunazielekeza kwenye paa, kwenye kivuli, na kwenye kuziweka kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la alasiri lipate ukuta mfupi.

Linabaki suala la uzio. Wazee wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar walijenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao, ambapo mgeni alipokewa, habari zikasikika, na faragha ya ndani isiguswe. Leo tunajenga ukuta mrefu usio na tundu, ukazuia upepo wa kusi na salamu ya jirani kwa pamoja. Usalama ni jambo la kweli, wala hatumshauri mtu aache kiwanja wazi. Tunachopendekeza ni ukuta ambao sehemu yake ya juu ni ya matofali yenye matundu, na nje ya geti baraza fupi chini ya kivuli.

Kwa sababu hizo, ziara yetu ya kwanza hufanyika kiwanjani kwako saa za alasiri, kabla hatujachora mstari wowote. Tunapima upepo unakotoka, tunafuata kivuli kinavyosogea, na kila mti mkubwa tunaufunga utepe na kuuweka kwenye ramani pamoja na njia ya lori. Tunakuomba sana usisafishe kiwanja hadi tutakapofika.