YAH: MALALAMIKO KUHUSU JENERETA YANGU YA SIGNALI NA MANENO NILIYOAMBIWA KAUNTA KWENU

Meneja wa huduma, salaam.

Naandika kwa heshima ila nimekasirika na sifichi. Taratibu zenu za matengenezo mnazijua wenyewe, mi nataka 350,000 yangu ya ukaguzi irudi.

Mashine, hii ya kutengeneza mawimbi ya redio ya majaribio, ilikuwa nzima. Nilipiga simu kuuliza kitu kidogo tu, faili langu la wimbi lina pointi 32,000, sampuli milioni 10 kwa sekunde, maka 2 (maka ni alama unazoweka kwenye pointi za wimbi, mashine inazitumia kutoa palsi au kuzima kitu) ilikuwa imewashwa pointi 1 mpaka 16,000, nikaseti 1 mpaka 8,000 lakini oskiloskopu, kile kipimo chenye kioo cha kuonyesha mawimbi, bado inaonyesha palsi ya milisekunde 1.6 badala ya 0.8. Jibu sahihi lilikuwa jepesi: ukiseti pointi mpya zile za zamani hazifutiki, unafuta kwanza ndo unaseti. Na ni za maka 2 tu. Kijana wenu akasema "futa zote, maka zote nne". Nikafuta, RF, yaani wimbi la redio linalotoka kwenye mashine, ikakata palepale. Hakuuliza kama kuna maka imeelekezwa kwenye kuzima RF, na maka 4 ndo ilikuwa huko, polariti chanya, yaani pasipo na maka RF inazimwa. Sasa ukifuta pointi zote kitatoka nini?

Nikaileta, mkakaa nayo siku 9, mkaandika bodi ya RF imekufa, 6,800,000. Bodi! Fundi wenu angezima ARB tu, ile sehemu inayocheza faili la wimbi pamoja na maka zake, angeona keria, yaani wimbi tupu la redio, inatoka safi.

Nilipokuja kuichukua nilikuwa na vijana wawili ninaowafundisha kazi. Nikamwomba msimamizi wenu tuiwashe pamoja tuangalie mpangilio wa maka. Hata kichwa hakuinua, akasema "Dada, hizi mashine sio za kuchezea, mwambie bosi wako atume fundi." Bosi ni mimi. Fundi ni mimi.

Usiku ule ule kwenye karakana yangu nikaitoa maka 4 kwenye kuzima RF, RF ikarudi, haikuchukua dakika mbili. Na kabla sijaja hapo kaunta, hili nilitakiwa kulisema mwanzo, nilishawaandikia barua pepe kwamba nahisi ni maka, hamkujibu.

Narudia hili la kaunta maana bado linaniuma. Nimesimama, risiti mkononi, foleni ya watu nyuma yangu, naongea taratibu kabisa, mtu mzima ananisukumia karatasi ya bili bila kunitazama na kuniambia "mwambie bosi wako atume fundi", na mmoja wa wale vijana, binti, akainamisha uso. Binti anayejifunza kazi hii kwangu! Hilo ndo sisamehi.

Kwa hiyo 350,000 peke yake haitoshi tena. Nataka ile ripoti ya bodi ifutwe kwa maandishi, maana mteja wangu ameshaiona na anadhani namfanyia vipimo kwa mashine mbovu. Nataka msimamizi yule aniombe radhi kwa barua, amtaje na yule binti. Na zile siku 9 nilizokaa bila kazi, ambazo nilikuwa nimeamua kuziacha, mtazilipa.

Nawapa siku 14. Zikipita naenda Tume ya Ushindani na ripoti yenu, risiti na barua pepe zangu zote.

Mnijibu kwa maandishi, msinipigie simu.

Mteja wenu,
Fundi na mwenye karakana