Shukrani kwa mama mwenye bwawa la yungiyungi

Mama, sikupata jina lako. Siku ile ya kutembelea mabwawa ya majumbani, wageni walijaa uani kwako, lakini ulichuchumaa nami ukingoni kwa sababu tu nilikuuliza kwa nini samaki wangu hupanda juu alfajiri wakitweta.

Ulinieleza kwamba maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo: kwenye nyuzi 10 hushika takriban miligramu 11 kwa lita, kwenye nyuzi 30 hubaki 7 na nusu hivi. Usiku mimea na mwani huacha kutengeneza oksijeni lakini huendelea kuitumia, ndiyo maana wakati wa hatari zaidi ni kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo usiku wa kiangazi pampu inayotia hewa majini haizimwi. Wapo wanaoizima ili walale kwa utulivu, na wanaoumia ni samaki.

Ukanionyesha na chujio, jinsi unavyosuuza sponji kwa maji ya bwawa lenyewe, maana klorini ya maji ya bomba huua bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa. Mabwawa mengine yalikuwa na maporomoko na taa za kupendeza. Lako ndilo lililonifundisha.

Samaki wangu wametulia. Kile kipande cha yungiyungi ulichonifungia kwenye gazeti lililoloa nacho kimeshatoa majani. Asante sana mama, kwa subira na kwa moyo wako mkunjufu. Mungu akubariki.