Mwanangu, hakuna dege lililopita

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Hapa Ngamiani, Tanga, hatujambo. Nimeusoma ujumbe wako mara tatu: una mimba ya miezi minne, na mawifi zako wanakukataza kutoka nje magharibi, mtoto asije akapata degedege kama kaka yako Hamisi.

Nami niliambiwa hivyo hivyo. Kila homa ilipompanda Hamisi akakakamaa, walisema mimi ndiye niliyepitiwa na dege, yule ndege wa kishetani wanayemsema, nikiwa mjamzito. Nimeyabeba maneno yale miaka na miaka, mimi mwalimu wa baiolojia.

Sasa sikiliza. Ubongo una seli za kuchochea na seli za kutuliza. Za kutuliza hutoa kemikali iitwayo GABA, na katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la juu, ni kama moja kwa kila tano. Hazizaliwi humo gambani. Huzaliwa chini, ndani kabisa, kisha husafiri kupanda juu. Kila seli ina jeni zote, kama sanduku langu la khanga: zote zimo, ila ya msiba hutolewa siku yake na ya harusi siku yake. Wachaguzi ni protini zinazoshika DNA. Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa panya wakikosa jeni za DLX1 na DLX2, zinazotengeneza wachaguzi wa aina hiyo, seli nyingi za kutuliza hukwama kule chini. Kundi kubwa la seli hizo huhitaji pia mchaguzi mwingine, NKX2-1, naye huiwasha jeni ya LHX6. Halafu NKX2-1 yenyewe sharti izimwe, ama sivyo seli haifiki gambani. Hapo mimi hustaajabu kila mara, Zuhura. Khanga isiyorudishwa sandukuni kwa wakati humzuilia mwenyewe safari!

Ipo na jeni ya SCN1A, inayotengeneza mlango wa kupitishia sodiamu ndani ya seli, ambao seli hizi za kutuliza huutegemea sana. Nakala moja ikiharibika, utulizaji hulegea, na mtoto huanza degedege kali akiwa bado mchanga. Daktari Charlotte Dravet aliueleza ugonjwa huo mwaka 1978. Hamisi hakupimwa jeni, kwa hiyo sisemi ndio wake. Lakini kwa wengi wenye ugonjwa huo badiliko ni jipya: baba hana, mama hana. Niliposoma hayo nililia, peke yangu, jikoni.

Wewe nenda kliniki, lala ndani ya chandarua, malaria isikupate. Ukija Idi tutakwenda ufukweni Raskazone kupunga upepo, na tutakaa mpaka jua lizame.

Mama yako