Harambee ya Dawa na Vipimo vya Watoto Huntha

Ndugu na jamaa, tumerudi tena mlangoni kwenu, na haya tunaziona. Mwaka jana mlichanga hata kabla hatujamaliza kueleza. Akiba hiyo haitafika mwisho wa mwezi.

Mfuko huu una watoto saba huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo wazi kuwa ya kiume au ya kike. Wanne wana hitilafu ya tezi zilizo juu ya figo, na mwili unapoteza chumvi. Mtoto wa namna hii huzaliwa akionekana mzima, kisha kufikia wiki ya pili hagusi titi, anatapika, anasinyaa, na watu hudhani ni tumbo tu. Dawa ipo, ya maisha: haidrokotisoni mara tatu kwa siku na fludrokotisoni mara moja. Kwa mtoto mchanga, kidonge cha miligramu 10 hukatwa robo, kikasagwa, kikakorogwa kwa maji kijikoni. Akishikwa na homa, dozi huwa mara mbili au tatu ya kawaida. Hapa hakuna "tutanunua Ijumaa": dawa ikikatika, mtoto anaweza kuzimia na kufa.

Watatu waliobaki wanasubiri Nairobi kipimo cha kromosomu, yaani nyuzi za urithi ndani ya seli. Damu ya kipimo hicho hutiwa kichupa cha kifuniko cha kijani na kufika maabara seli zingali hai. Ikitiwa cha zambarau, seli hazioti na nauli imeliwa bure. Bila majibu hayo, daktari hana cha kuandika, na cheti cha kuzaliwa chenye jinsia isiyo yake kitamfuata mtoto hadi kwenye mitihani na kitambulisho.

Sheria ya Watoto ya 2022 imempa huntha haki ya kusajiliwa na kutibiwa, na sensa ya 2019 ilihesabu 1,524 nchini Kenya. Ila sheria hailipi nauli. Wanaouliza ni dhambi ya nani, vitabu vya fiqhi, sheria ya Kiislamu, vina mlango wa huntha tangu kale, na Mathayo 19 inawataja matowashi waliozaliwa hivyo toka tumboni.

Tunatafuta shilingi 180,000: dawa za miezi sita 96,000, vipimo na nauli 75,000, viapo na vyeti 9,000. Harusi za mtaani huvuka kiasi hicho kwa kikao kimoja, nasi huwa tumo. Kila mchango una risiti, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Picha za watoto hatutoi, anayezitaka atusamehe.

Mwenye vidonge vya haidrokotisoni ambavyo muda wake haujapita avilete, muuguzi atavikagua. Ya kupaka ngozi ibaki nyumbani.